Mgeni wa Saa Tisa

Mkasi ulikuwa umefika kwenye kona ya kola. Fundi aliuzungusha taratibu, akaweka shinikizo dogo la kidole gumba, akamaliza. Alikigeuza kile kipande, akachora alama yake kwa chaki upande wa ndani. Alama yake ilikuwa samaki mdogo. Kwake samaki alikuwa na maana moja tu: kipande hiki nimeshakikata na nimeshakipima.

Alinyoosha mkono akiweke kwenye meza ya pili. Mkono ukasimama hewani.

Pale mezani palikuwa na kola nyingine. Ya shati lilelile, kipimo kilekile. Ilikuwa na samaki wa chaki, na mkia wake ulikuwa umepinda kidogo juu, jinsi anavyoupinda yeye.

Shati moja lina kola moja. Na yeye alikuwa ndiyo kwanza amekata.

Alitazama chumba. Cherehani ilikuwa mahali pake, karibu na dirisha. Pasi ilikuwa kwenye kibao chake. Pembeni lilisimama sanamu la kupimia nguo, kifua na mabega bila kichwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika tano alasiri. Mtaani hakukuwa na sauti ya mtu.

"Wifi!" aliita. "Umeingia humu ndani?"

Dada wa mumewe alikuwa uani akisuuza nguo. Aliishi nao tangu alipofiwa na mume, na ulimi wake haukuwa na likizo.

"Niingie nifanye nini? Mimi na sindano tulishaachana zamani, hata talaka niliandika mwenyewe."

"Njoo uone."

Wifi aliingia akijipangusa mikono. Alizitazama zile kola mbili.

"Si wewe uliyekata? Samaki wako huyo."

"Hii nimekata sasa hivi. Ile sijaikata."

"Basi samaki ameanza kuogelea mwenyewe," wifi alisema, akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, aliacha.

Mambo hayo yalikuwa na juma la tatu sasa. Yalianza kidogo kidogo. Siku moja pasi ilikutwa ya moto, na Fundi hakumbuki kuiwasha. Siku nyingine sanamu lilikutwa limegeuzwa, linatazama ukuta. Lilikuwa limevalishwa blauzi ya mteja yenye vifungo vya kung'aa, na sasa vifungo vyote vilikuwa upande wa ukutani. Mara redio iliyokuwa ikiimba ikawa kimya. Kila mara ilikuwa alasiri. Kila mara Fundi alikuwa peke yake chumbani.

Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Alirudi jioni na kusikiliza yote bila kukatiza.

"Kuna mtu ana ufunguo, Mama Mkunga," alisema. Alimwita hivyo tangu binti yao aende kusomea ukunga. "Kitasa hiki ni cha zamani. Kesho nabadilisha."

"Mwizi gani anaingia kukata kola halafu anaondoka?" wifi aliuliza. "Huyo si mwizi, huyo ni kibarua."

Walicheka wote watatu. Lakini kitasa kilibadilishwa.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja jioni ile, kwa sababu hakuna aliyelifikiria. Majuma saba nyuma, Fundi alikuwa akifungua asubuhi chumba hicho cha kushonea, ambacho ndicho duka lake. Mlango wa chuma unaovutwa juu, ulio nje ya ule wa kitasa, uliteleza ukamshukia kichwani. Aliona giza, kisha akaona viatu vyake. Kwa dakika chache hakujua ilikuwa siku gani. Alipelekwa hospitali. Picha ya kichwa ilikuwa safi. Aliambiwa apumzike na arudi akijisikia vibaya. Alipumzika siku tatu, nundu ikashuka, naye akarudi kwenye cherehani. Maumivu ya kichwa yaliyokuja kila alasiri hakumwambia mtu. Alifikiri ni jua.

Juma lililofuata kitu kibaya zaidi kilitokea.

Ndani ya chumba kile palikuwa na sanduku la bati. Ndani ya sanduku palikuwa na kitambaa cha marehemu mama yake Fundi. Kilikuwa cha rangi ya samawati iliyokoza, mita nne kamili, hakijawahi kuguswa na mkasi. Mama alikiacha na neno moja: "Kikatwe siku ya furaha." Siku hiyo ilikuwa imekaribia. Binti angepokea cheti chake cha ukunga mwisho wa mwezi ujao, naye aliomba gauni litoke kwenye kitambaa cha bibi yake. Kitambaa cha aina ile hakitengenezwi tena. Kikikatwa vibaya, basi.

Fundi alikuwa amepanga kukianza juma lijalo. Lakini alasiri ya Jumanne alinyanyua kichwa, akakiona kimetandazwa juu ya meza ya kukatia. Mstari wa chaki ulikuwa umechorwa katikati, umepinda. Mwishoni mwa mstari mkasi ulikuwa wazi, na meno yake yalikuwa yameshauma kitambaa. Urefu wa kidole kimoja.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kitasa kipya. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Hakupiga kelele. Aliutoa mkasi, akakikunja kitambaa na kukirudisha sandukuni.

"Anarudi," alimwambia wifi baadaye, kwa sauti ndogo. "Anayefanya hivi anaijua alama yangu. Anajua mkasi wangu unakaa wapi. Siku akirudi atamalizia."

Wifi safari hii hakutania. "Tumtege," alisema.

Walisaga vipande vya chaki vilivyobaki, bakuli zima. Asubuhi ya Alhamisi waliumwaga unga ule sakafuni, mwembamba, kutoka mlangoni hadi dirishani. Anayeingia ataacha nyayo. Fundi naye aliapa hatatoka. Chakula cha mchana alikataa. Kulala kidogo, kama alivyozoea zamani, alikataa. Aliwasha redio apate sauti ya mtu, akafungua dirisha, mwanga wa jua ukajaa meza nzima. Kisha akajifungia kwa ndani, akarudi kinyumenyume hadi kwenye kiti akizifunika nyayo zake zote kwa unga uliobaki, akashona huku akiutazama mlango kwa jicho moja.

Saa saba ikapita. Saa nane. Kichwa kilianza kugonga. Maneno ya redio yakawa mawe yanayotupwa juu ya bati. Mshono aliokuwa akiufuata ulianza kuonekana miwili. Aliendelea. Kitambaa cha mama kilikuwa sandukuni, naye alikuwa mlinzi wake.

Wifi alikuwa uani anaanika nguo. Alisikia cherehani ikikimbia. Ilikimbia, ikakimbia, haikusimama hata kwenye kona. Hakuna mshono mrefu kiasi kile. Redio ilikuwa kimya.

"Wifi?" aliita dirishani.

Hakujibiwa. Alichungulia. Fundi alikuwa amekaa wima, macho wazi, miguu inakanyaga. Kitambaa cha mteja kilipita chini ya sindano na kumwagikia sakafuni.

"Wifi! Wewe! Nifungulie!"

Mara ya tatu Fundi aligeuka, akakunja uso. "Unanipigia kelele za nini? Nimekusikia."

Alisimama aende kufungua. Hapo ndipo wote wawili walipoona sakafu.

Nyayo zilikuwepo. Hazikutoka mlangoni. Zilitoka kwenye kiti cha cherehani, zikaenda kwenye redio. Kutoka kwenye redio zikaenda kwenye sanduku la bati, zikasimama pale, vidole vikielekea sandukuni. Kisha zikarudi kwenye kiti. Zilikuwa za miguu mitupu. Kwenye kila unyayo wa kushoto, kidole kidogo hakikugusa chini.

Fundi alishona bila viatu maisha yake yote, ili alisikie kanyagio la cherehani vizuri. Aliinua mguu wa kushoto taratibu, akautazama. Kidole kidogo kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake, tangu alipozaliwa. Na unyayo wote ulikuwa mweupe.

Alifungua mlango. Wifi aliingia akizikwepa nyayo.

"Ni mimi," Fundi alisema. "Ninaingia humu ndani na mimi sipo."

"Usimwambie mtu," wifi alinong'ona. "Watasema umerukwa na akili. Nani ataleta kitambaa chake tena?"

"Hodi wenyewe!" sauti iliita mlangoni. "Jamani, nimekuja na kesi!"

Alikuwa jirani yao, muuguzi wa zahanati ya mtaa, mwanamke mnene mwenye hatua za haraka. Alishika sare nyeupe mpya aliyokuwa ameichukua juzi.

"Fundi, umenishonea mikono miwili ya kushoto. Nimevaa mbele ya daktari, mkono mmoja umeangalia mbele, mwingine umeangalia nyuma. Wagonjwa wameanza kunihurumia mimi." Alicheka, kisha akaona sakafu, akaona nyuso zao. Aliiweka sare chini. "Kuna nini hapa?"

Wifi alifungua mdomo aseme hakuna kitu. Fundi alimtangulia. Alieleza yote, tangu pasi ya moto hadi unyayo mweupe. Wakati anaeleza alilia, na mara mbili alitafuta neno la kawaida kabisa akalikosa. Muuguzi alivuta kigoda akakaa.

"Mambo haya hutokea saa ngapi?"

"Alasiri. Saa tisa, saa kumi."

"Asubuhi je?"

Fundi alifikiri. "Asubuhi hapana. Hata siku moja."

"Mzimu gani huo unaoamka saa tisa?" muuguzi alisema taratibu. "Na siku zile ulizofunga duka, Jumapili?"

"Hapana."

"Uliumia kichwa wewe. Nakumbuka ulipopigwa na mlango wa duka."

"Sista, hiyo ilishapita. Picha ilikuwa safi."

"Picha inaonyesha mfupa na damu. Uchovu haupigwi picha." Aligeukia wifi. "Ulipomkuta hivi leo, alianguka? Alitetemeka? Mdomo ulikwenda upande?"

"Hapana. Nilipoita mara ya tatu aligeuka akanigombeza."

"Vizuri. Hata hivyo kesho asubuhi twende wote kwa daktari amwangalie. Mimi siwezi kukisia kichwa cha mtu." Aliinama akaokota kile kitambaa kilichomwagikia sakafuni. Alikinyoosha mbele ya dirisha. "Fundi, tazama. Hiki umekishona?"

Fundi alikishika. Kulikuwa na mstari mrefu wa matundu ya sindano, ulionyooka. Aliuvuta uzi wa juu. Ukatoka wote kwa mkono mmoja, bila kushika popote.

"Uzi wa chini ulikwisha," alisema.

"Ulikwisha lini?"

"Haijulikani. Bobini yenye uzi huo iko ndani, huioni. Sindano inapanda na kushuka, sauti ni ileile, unadhani unashona. Kumbe unatoboa tu."

"Basi umeshajieleza mwenyewe, kuliko ambavyo mimi ningeweza," muuguzi alisema. "Ubongo ukitikiswa, hata kwa pigo linaloitwa dogo, unafanya kazi ileile kwa nguvu nyingi zaidi. Zamani bobini yako ilikufikisha jioni. Sasa uzi uliomo ni mchache. Saa nane umekwisha. Mikono inajua kazi, kwa hiyo inaendelea. Unakata, unachora samaki, unawasha pasi, lakini hakuna kinachoshika kwenye kumbukumbu. Halafu unageuka, unakuta kazi ya mgeni."

Fundi alilitazama sanamu.

"Na lile? Kwa nini niligeuze?"

"Lina nini kifuani?"

"Vifungo vya kung'aa."

"Vilikuwa vinakuchoma macho. Na redio ilikuwa inakuchoma masikio. Ulikuwa unajiokoa bila kujua."

Wifi alishusha pumzi. "Kwa hiyo hajarukwa na akili."

"Amechoka. Uchovu huu haufanani na ule wa kufua nguo, wifi mtu. Huu unakaa ndani, hauonekani usoni."

Asubuhi daktari alimpima macho, akamtembeza kwenye mstari, akampa maneno ayakumbuke na kuyarudia. Alisema hakuona dalili ya hatari. Alimwandikia tarehe ya kurudi. Watu wengi hupona kwa majuma machache, alieleza, wengine huchukua miezi, hasa wakilazimisha.

"Nilale tu gizani basi?" Fundi aliuliza.

"Hapana, hilo nalo linachelewesha. Fanya kazi kidogo, pumzika, ongeza taratibu. Tembea kidogo kila siku. Lala usiku wa kutosha. Na kichwa kisigongwe tena, huo mlango utengenezwe leo." Kisha akamgeukia mume, ambaye naye alikuwa amekuja, na kuongea naye polepole, akihakikisha anashika. "Kichwa kikiuma kwa kuzidi na kuzidi, akitapika tena na tena, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, asipoamshika vizuri, au akianza kuchanganyikiwa kuliko hivi, usingoje kesho. Mlete saa hiyohiyo."

Mume alirudia yote, akihesabu kwa vidole vyake vyenye rangi.

Nyumbani walipanga upya. Kukata, ambako hakurudishiki nyuma, kukawa kazi ya asubuhi peke yake. Vifungo na pindo vilingoja baadaye. Kitu kimoja kwa wakati: mteja akiongea, mkasi unalala. Redio ikahamia uani kwa wifi. Dirisha likapata pazia jepesi. Muuguzi alisisitiza jambo moja kuliko yote.

"Pumzika kabla ya kuchoka. Usingoje kichwa kiume. Wewe hujazi bobini baada ya kutoboa mita nzima, au sivyo?"

Kwa hiyo kila nusu saa wifi aligonga sufuria mara moja, na Fundi aliacha kila kitu robo saa.

Siku ya nne alijisikia mzima kabisa. Wifi alipogonga, alisema, "Kidogo tu, namalizia." Alimalizia shati, akaanza suruali, akashona hadi saa kumi. Siku iliyofuata hakuweza hata kuinua kichwa kwenye mto. Mwanga ulimuumiza, sauti ya kijiko ilimuumiza.

"Mzima wa jana, umeamkaje?" wifi aliuliza mlangoni, kwa kunong'ona.

"Usinichekeshe. Kucheka kunauma."

Tangu hapo alitii sufuria.

Mgeni aliendelea kuja, lakini mara chache. Siku moja chaki ilikutwa ndani ya kikombe cha chai. Siku nyingine mlango wa kabati uliachwa wazi. Fundi aliandika siku na saa kwenye daftari, bila hofu, na alipotazama nyuma aliona kwamba siku hizo alikuwa ameruka mapumziko au amelala vibaya. Wateja aliwaambia ukweli: kazi itachelewa, niliumia kichwa. Wawili waliondoka. Wengine walingoja. Muuguzi alirudishiwa sare yake, mkono wa kulia ukiwa wa kulia.

"Lakini binti yangu, Sista," Fundi alisema siku aliyokuja kuichukua. "Zimebaki siku kumi na sita. Gauni lile nililipanga kwa siku mbili."

"Ukilikata kwa siku mbili, nani atakuwa ameshika mkasi siku ya pili alasiri?"

Fundi alijua ni nani.

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, alifungua sanduku la bati. Alitandaza kitambaa cha mama yake. Ule mstari uliopinda aliufuta kwa brashi kavu, akachora mwingine, akapima mara tatu. Pale mkasi ulipouma alipaweka kwenye ukingo, ndani ya mshono, ambapo hapataonekana. Kisha akashusha pumzi na kukata. Samawati ilifunguka mbele ya mkasi bila sauti. Bega. Ubavu. Pindo. Kipande cha mbele kikatoka kizima. Akakigeuza, akachora samaki.

Sufuria ililia uani.

Kipande cha nyuma kilikuwa kimeshachorwa. Mkono ulikuwa bado una nguvu, jicho lilikuwa bado linaona mstari mmoja. Dakika ishirini tu zingetosha. Fundi aliutazama mstari kwa muda. Kisha aliufunga mkasi, akauweka juu ya daftari, na kuandika: *Mbele tayari. Nyuma kesho asubuhi.*

Saa tisa ilipofika alikuwa amejilaza kwenye mkeka, pazia limeshushwa. Chumba kilikuwa kimya vilevile kama siku zile. Sanamu lilisimama pembeni bila kichwa. Kitu kilikwaruza kidogo, labda mlango, labda upepo. Alihisi uzito ule alioujua ukija taratibu nyuma ya macho, kama mtu anayevua viatu kabla ya kuingia.

"Karibu," alisema polepole. "Leo sina kazi ya kukupa."

"Unaongea na nani humo?" wifi aliuliza kutoka uani.

"Na mtu aliyechoka."

"Mwambie alale."

Fundi alifumba macho. Juu ya meza, nusu ya kitambaa ilikuwa bado haijakatwa.